Umeme wa moyo wa vijana wenye kisukari: tuanzie kitanda cha dharura

Ukiuliza kwenye kliniki za sukari, kuanzia Mafinga hadi Tukuyu, moyo wa mgonjwa huanza kuangaliwa lini, jibu mara nyingi ni la watu wazima: presha ikipanda, miguu ikianza kuvimba, umri ukisogea. Mtoto wa darasa la sita anayejidunga insulini hupimwa uzito, hupimwa sukari, hupewa chupa zake na tarehe ya kurudi. Moyo wake huhesabiwa mzima kwa kuwa ni mtoto. Ni kweli kwamba mishipa ya moyo huchukua miaka mingi kuziba. Lakini umeme unaouendesha moyo hausubiri miaka. Unaweza kuvurugika ndani ya saa chache kwa mtoto ambaye moyo wake hauna kovu wala tundu, na ukarudi sawa kesho yake, ilimradi waliokuwa naye usiku ule walitambua kinachotokea wakakishughulikia.

Mazungumzo yetu kuhusu kisukari cha vijana huku Nyanda za Juu Kusini yamebaki kwenye insulini na chakula. Hayo ndiyo ya kwanza na yatabaki ya kwanza. Hata hivyo kuna kipimo kimoja cha zamani ambacho naona tumekiweka mahali pasipo pake. Mashine ya kupima umeme wa moyo, ambayo wahudumu wetu huiita ECG, imezoeleka kuwa ya wazee wa presha na ya mgonjwa anayeandaliwa kwa upasuaji. Kwa kijana mwenye kisukari, mahali pake pa kwanza ni pembeni ya kitanda cha dharura. Tuiweke hapo kabla hatujaanza kufikiria kumpima kila mtoto kila mwaka.

Kwanza, tuone mashine hii inapima nini. Kila pigo huanzia kwenye kisehemu kidogo cha juu, upande wa kulia wa moyo, na kusambaa hadi vyumba vya chini. Seli za moyo hufanya kazi hiyo kwa kuruhusu madini kuingia na kutoka: sodiamu na kalsiamu zikiingia, moyo husinyaa na kusukuma damu, potasiamu ikitoka, seli hutulia na kujiandaa kwa pigo linalofuata. Mashine huchora safari hiyo kwenye karatasi ya miraba inayokwenda milimita 25 kwa sekunde, hivyo kila mraba mdogo ni milisekunde 40. Kilima kidogo cha kwanza huitwa P, mchomo mrefu mwembamba ni QRS, kilima cha mwisho ni T. Kutoka mwanzo wa Q hadi mwisho wa T ndiyo QT, muda wote ambao vyumba vya chini hutumia kusinyaa na kujiandaa upya. Milisekunde 440, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa mwisho wa kawaida, ni miraba 11. Ikivuka 500, yaani miraba 12 na nusu, daktari makini huacha alichokuwa akifanya, kwa sababu pigo jipya linaweza kuukuta moyo haujamaliza kujiandaa, na badala ya kusukuma damu ukaanza kutetemeka ovyo.

Tafiti zilizofanywa kwa watoto na vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachohitaji insulini tangu siku ya kugunduliwa, zimekuta mambo yanayofanana: mapigo yao huwa ya haraka kidogo hata wakiwa wamepumzika, na QT yao, kwa wastani, ni ndefu kidogo kuliko ya wenzao wa rika lao. Kuna la tatu, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Moyo wa kijana mwenye afya huongeza kasi anapovuta pumzi na kuipunguza anapoitoa. Ni neva zinazoufanya hivyo. Utafiti wa SEARCH nchini Marekani, uliofuatilia watoto na vijana wenye kisukari, ulikuta kupanda na kushuka huko kumepungua kwa wenye aina ya kwanza ukilinganisha na wasio na ugonjwa. Sukari ikikaa juu muda mrefu huzila neva polepole, na zile za moyo huanza kuguswa kabla kijana hajahisi chochote.

Wengi wa vijana hao wana ECG ambayo bado imo ndani ya mipaka ya kawaida. Mzazi anayesoma hapa asiache kulala. Na uharibifu huu hauji kwa lazima. Utafiti mkubwa wa DCCT wa Marekani na Kanada, ulioanza 1983 na kumalizika 1993 ukiwa na washiriki 1,441, ulionyesha kwamba waliodhibiti sukari kwa ukaribu walipata madhara machache zaidi ya macho, figo na neva. Walipoendelea kufuatiliwa, matokeo ya 2005 yalionyesha matukio ya moyo na mishipa ya damu yamepungua kwa asilimia 42 kwa kundi hilo. Insulini ya kutosha na stripu za kupimia ndizo kinga ya umeme wa moyo. Hakuna mashine inayozidi hizo.

Kwa nini basi naisemea mashine? Kwa sababu ya DKA.

DKA ni hali inayompata mtu aliyekosa insulini, awe hajawahi kugunduliwa au amekatikiwa dawa. Mwili unashindwa kutumia sukari, unachoma mafuta, na mafuta hayo yanazaa asidi. Mtoto anakojoa mno, anatapika, anakauka, anaanza kupumua kwa kina na kwa haraka. Kila mkojo unaondoka na potasiamu. Wakati huohuo asidi na ukosefu wa insulini vinaisukuma potasiamu kutoka ndani ya seli na kuimwaga kwenye damu. Ndiyo maana akifika hospitali, damu yake inaweza kuonyesha potasiamu ya kawaida, hata ya juu, ilhali mwili mzima umepungukiwa milimoli 3 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito wake. Ni sawa na msimu ambao kila mkulima ameuza: sokoni Uyole magunia ya mahindi yamepangwa hadi juu, ukienda vijijini maghala ni matupu.

Kisha tunaanza kumtibu. Dripu inaingia, insulini inaingia, na insulini inafanya kazi yake: inarudisha potasiamu ndani ya seli. Ile ya kwenye damu inashuka kwa kasi. Mgonjwa ambaye saa mbili zilizopita hatari yake ilikuwa potasiamu nyingi, sasa hatari yake ni potasiamu kidogo, na tiba sahihi iliyotolewa bila kuangalia ndiyo iliyomfikisha hapo. Kinachoongoza kuua watoto wenye DKA ni uvimbe wa ubongo, na hilo lazima kila nesi wa zamu alijue. Lakini kifo cha potasiamu kinaniuma zaidi, kwa kuwa kinakuja baada ya mtoto kufika, baada ya ugonjwa kutambuliwa, na dawa zikiwa tayari mezani.

Kwenye karatasi, mambo haya huonekana. Potasiamu ikiwa juu sana, kilima cha T hurefuka na kuchongoka, P hulala, QRS hutanuka. Ikishuka, T hubonyea hadi kukaribia kulala, na nyuma yake huchomoza kilima kingine kidogo, U, ambacho kwa mtu mwenye hali ya kawaida hakionekani au huonekana kwa shida. Weka karatasi mbili za mtoto mmoja pamoja, ya alipofika na ya saa nne baadaye, na mtabibu aliyeelekezwa vizuri asubuhi moja tu ataona ipi ina T iliyochongoka na ipi ina T iliyozama. Miongozo ya ISPAD, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kisukari cha watoto na vijana, inasema hivyo waziwazi: pale ambapo kipimo cha potasiamu hakipatikani mara moja, ECG isaidie kujua kama iko juu au chini.

Sentensi hiyo kwa hospitali kubwa za Ulaya ni tahadhari ya pembeni. Kwa hospitali ya wilaya huku kwetu ndiyo hali ya kila siku. Mashine ya maabara inaweza kuwapo na vitendanishi vikawa vimekwisha tangu wiki iliyopita. Inaweza kuwapo na vitendanishi vikawapo, umeme ukakatika saa tano usiku, au mtaalamu wa maabara akawa nyumbani na barabara ni tope. ECG ndogo ya betri haihitaji kitendanishi. Inataka karatasi, jeli, vibanio vinavyoshika vizuri, na mtu anayejua kuviweka. Ndani ya dakika tano una jibu la kuanzia. Si jibu kamili, maana karatasi nzuri haithibitishi kwamba potasiamu ni nzuri, na damu bado inatakiwa ipimwe mapema iwezekanavyo. Lakini kati ya kutibu ukiwa na karatasi mkononi na kutibu kwa kukisia, najua ningetaka mtoto wa ndugu yangu atibiwe vipi.

Kuna sababu nyingine ya kimahali. DKA huvaa sura ya magonjwa tuliyoyazoea. Kyela na bondeni Usangu, ambako mbu wapo mwaka mzima, mtoto anayetapika na kulegea huanza kutibiwa malaria. Ukipanda Makete, Njombe au Mufindi, malaria ni ya nadra na mtego unabadilika: pumzi za haraka na za kina za mtoto mwenye asidi huonekana kuwa nimonia, hasa Juni na Julai baridi inapouma. Watu husema ana kichomi. Anapewa antibaiotiki, anarudishwa nyumbani, anarudi kesho kutwa akiwa hajitambui. Tone moja la damu kwenye stripu lingetosha kuondoa utata huo siku ya kwanza, na kila mtoto anayepumua vibaya au kutapika bila sababu iliyo wazi anastahili tone hilo. Anayechelewa hivyo hufika amekauka zaidi, amepoteza potasiamu zaidi, na moyo wake umo katika hatari kubwa zaidi. Kuchelewa kwa utambuzi na kuvurugika kwa umeme wa moyo ni habari moja.

Upande wa pili wa hatari ni sukari kushuka, na huu hutokea zaidi usiku.

Mwaka 1991 madaktari wawili wa Uingereza, Tattersall na Gill, walieleza vifo 22 vya watu wenye kisukari cha aina ya kwanza, wengi wao vijana, waliolala wakiwa salama na kukutwa asubuhi wamekufa, shuka zikiwa hazijavurugika. Uchunguzi wa miili haukuonyesha sababu. Mwaka 2010 huko Marekani ikaandikwa habari ya kijana wa miaka 23 aliyekufa vivyo hivyo, ila yeye alikuwa amevaa kifaa kinachorekodi sukari mfululizo: usiku ule ilishuka chini ya milimoli 1.7 kwa lita. Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya umeme wa moyo. Sukari ikishuka, mwili humwaga adrenalini, adrenalini huisukuma potasiamu ndani ya seli, QT hurefuka. Wanasayansi wameipima QT ya vijana wakiwa na sukari ya chini na wameiona ikirefuka, kisha ikirudi sukari inaporudi. Kwa kijana ambaye neva za moyo zimeshaanza kuchoka, au aliyezaliwa na QT ndefu bila kujua, huenda usiku mmoja ukatosha. Vifo hivi ni vichache sana, na sivitaji ili kumtia mtu hofu. Navitaja kwa sababu ya mabweni.

Shule zetu nyingi za sekondari huku ni za bweni. Chakula cha jioni huliwa mapema, mara nyingi saa 12 au saa 1: ugali na maharage, siku nyingine makande. Kijana anadunga insulini yake ya jioni, ile yenye rangi ya maziwa, ambayo nguvu yake huwa kubwa saa nne hadi kumi baada ya kudungwa. Kama mchana alicheza mpira au alikuwa kwenye kazi za shamba la shule, misuli yake inaendelea kuvuta sukari hadi usiku wa manane. Saa nane usiku vyote viwili vinakutana, na tumbo halijapata kitu tangu jioni. Bweni la Makete mwezi Julai lina baridi kali. Anayetetemeka na kutoa jasho la baridi huonekana kuwa anasikia baridi tu. Mwenzake anamwongezea blanketi. Hata mashine nyingi za kupimia sukari hukataa kufanya kazi kwenye baridi ya namna hiyo hadi uzipashe kwanza mikononi.

Ninachokitaka kwa mabweni hakihitaji ECG. Matroni ajue jina la kila mwanafunzi mwenye kisukari na kitanda chake. Kuwe na sukari ya mezani au glukosi kwenye chumba chake, si kwenye stoo iliyofungwa na ufunguo uko kwa mpishi. Mwanafunzi huyo aruhusiwe kuwa na kitafunwa kitandani, hata kama sheria ya shule inakataza chakula bwenini. Kiazi kitamu au ndizi iliyobaki kutoka jioni inatosha. Siku aliyofanya kazi nzito apimwe kabla ya kulala. Na mwenzake wa kitanda cha jirani afundishwe kwamba fulani akiongea ovyo usiku au akilowa jasho, asimcheke wala asimfunike, amwamshe na kumpa kitu kitamu, na akishindwa kumeza akaite mtu mzima bila kumtilia kitu mdomoni. Kwa waliokwishamaliza shule, niongeze pombe: ini linaloshughulika na pombe haliachilii sukari ya akiba, na kijana anayekunywa ulanzi jioni bila kula, kisha akadunga dozi yake kama kawaida, amejiwekea usiku wa hatari.

Nirudi kwenye karatasi, maana kuna jambo linalonisumbua kuhusu jinsi tunavyoisoma.

Mashine nyingi huchapa namba juu ya karatasi, na mojawapo ni QTc, yaani QT iliyorekebishwa kulingana na kasi ya mapigo. Marekebisho ni ya lazima, kwa sababu moyo unaokwenda mbio huwa na QT fupi. Kanuni mbili zinazotumika zaidi zilichapishwa mwaka uleule wa 1920, moja na Bazett, Mwingereza, nyingine na Fridericia, Mdenmaki. Mashine nyingi hutumia ya Bazett, na ile ina kasoro inayojulikana: mapigo yakiwa ya haraka huikuza QT kupita kiasi. Chukua kijana mwenye mapigo 120 kwa dakika na QT ya milisekunde 320. Kwa Bazett, namba itakayochapwa ni 453, na mtu aliyeambiwa kwamba 440 ndiyo mwisho wa kawaida atashtuka. Kwa Fridericia, moyo uleule, karatasi ileile, ni 403. Na vijana wenye kisukari ndio hasa wenye mapigo ya haraka, wakiwa na DKA ndiyo kabisa. Sehemu ya tahadhari tunayoisoma kuhusu QT zao huenda inatokana na hesabu. Mhudumu ahesabu miraba kwa macho yake, aangalie umbo la T, na namba ya mashine aichukue kama maoni ya mashine.

Jingine ni umri na asili. Kwa mtoto, T iliyopinduka kwenye vipimo vya kifuani vya upande wa kulia ni ya kawaida. Kwa vijana wenye asili ya Afrika, hasa wanaofanya mazoezi mengi, mstari wa ST, yaani kipande kati ya QRS na T, uliopanda na T iliyopinduka kwenye vipimo vya mbele vinaweza kuwa umbile la kawaida kabisa, na miongozo ya kimataifa ya wanamichezo ya 2017 inalitambua hilo. Kijana anayekimbia milima ya Rungwe kwenda shule ana moyo uliozoea kazi. Tukianza kuwapima vijana wote wenye kisukari bila watu waliozoea kusoma karatasi za vijana wetu, tutawajaza hofu wazazi na kuwasafirisha wengi kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, wakaambiwe hawana tatizo. Nauli hiyo ingenunua stripu za miezi. Na kinyume chake: kijana mwenye kisukari anayelalamika moyo kwenda mbio na kuishiwa pumzi asibandikwe kisukari chake tu. Huku kwetu bado wapo watoto walioharibika vali za moyo kwa sababu ya maumivu ya koo ambayo hayakutibiwa, na kisukari hakimkingi mtu na ugonjwa huo.

Kuna mahali pa pili ambapo naona mashine hii ina kazi ya wazi, na hapa tunapapita haraka mno: dawa. Azithromaisini na erithromaisini zinarefusha QT. Kwinini pia. Amitriptilini, ambayo hutolewa kwa miguu inayowaka moto kwa sababu ya neva, nayo pia. Sipro inaweza kugusa QT na kuyumbisha sukari kwa pamoja. Kila moja peke yake, kwa kijana mwenye potasiamu nzuri, kwa kawaida haina shida. Ila kijana huyu alikuwa akiharisha siku tatu, hajala, sukari inapanda na kushuka, na sasa ananunua vidonge kwenye duka la dawa muhimu kwa kueleza dalili tu. Mwenye duka hajui kwamba ana kisukari kwa sababu hakuuliza, na kijana hakusema kwa sababu mbele yake kulikuwa na watu. Natamani swali la kwanza kwenye kila duka la dawa kutoka Tunduma hadi Makambako liwe: una ugonjwa mwingine wowote unaotumia dawa? Na kliniki ikimwanzishia dawa ya kudumu ya aina hiyo, impime umeme wa moyo kwanza, na iulize kama kuna ndugu aliyewahi kuzimia ovyo au kufa ghafla akiwa kijana.

Najua kitakachosemwa. Stripu hazitoshi, kuna miezi insulini inakatika, na huyu anatuletea mambo ya milisekunde. Pingamizi hilo ni la haki, na ndilo lililonifanya nisitake ECG ya kila mwaka kwa kila mtoto. Hata miongozo ya ISPAD haiiagizi hiyo. Inaagiza presha ipimwe, mkojo uangaliwe protini, macho yakaguliwe, miguu iguswe, mafuta ya damu yapimwe. Neva za moyo zenyewe zina vipimo ambavyo havitaki mashine kubwa. Mkalishe kijana, atulie, mhesabu mapigo dakika nzima: yakizidi 100 kila anapokuja kliniki, bila homa wala upungufu wa damu, jiulize kulikoni. Mpime presha akiwa amelala, asimame, mpime tena ndani ya dakika tatu: namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, neva zake zinahitaji kuangaliwa. Mwambie avute pumzi taratibu, mara sita kwa dakika, kidole chako kikiwa kwenye mshipa wake: kwa kijana mwenye neva nzima utahisi mapigo yakikimbia na kupoa pamoja na pumzi. Saa yenye mshale wa sekunde na mashine ya presha zipo hata kwenye zahanati. Anayeonyesha dalili hapo, au aliyewahi kuzimia, ndiye apelekwe kwenye ECG.

Wala mtindo wa kuwatunza vijana hawa hatuhitaji kuuagiza mbali. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 na 2023 uliikuta Njombe ikiwa na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, ya juu kuliko mikoa yote, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Mzigo huo umetufundisha kazi ambayo mikoa mingine haijaijua kwa kiasi hicho: kumfuatilia mtoto mwenye ugonjwa wa maisha, mwenye kadi yake, siku yake ya vijana, mtu wa kumpigia simu asipotokea. Watoto waliolelewa na CTC zetu, yaani kliniki za tiba na matunzo ya VVU, leo wengine ni wazazi. Mtoto mwenye kisukari wa Ludewa anastahili mfumo uleule, kwenye jengo lilelile ikibidi. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inapoendelea kutekelezwa, kitita cha mtoto mwenye kisukari kitaje kwa jina insulini, stripu, potasiamu ya damu, na ECG anapolazwa kwa DKA. Kisipotajwa, ndugu watatumwa dirishani kulipia kila kimoja saa saba usiku.

Kwa hospitali ambazo mashine tayari wanayo, na zipo, kazi inayoweza kuanza wiki hii ni kuihamisha. Itoke kwenye chumba kinachofungwa saa tisa na nusu alasiri, iende wodi ya dharura, na ukutani pabandikwe mifano mitano ya T: ya kawaida, iliyochongoka, iliyolala, yenye U nyuma yake, na ile iliyopinduka ya mtoto asiye na tatizo. Kijana akipona, apimwe tena kabla ya kuruhusiwa, ili iwepo karatasi ya moyo wake ukiwa mzima wa kulinganishia siku nyingine. Karatasi hizo huchapwa kwa joto na maandishi yake hufifia, haraka zaidi zikikaa juani au zikibanwa kwenye nailoni, kwa hiyo itolewe fotokopi siku hiyohiyo: moja ibaki kwenye faili, nyingine ibandikwe kwenye daftari la kliniki analorudi nalo nyumbani.